Van der Waals, mtoto wa seremala aliyehesabu mvuto mdogo wa molekuli

Johannes Diderik van der Waals alifariki mjini Amsterdam, inchini Uholanzi, tarehe 8 mwezi wa tatu mwaka wa 1923. Alikuwa na miaka 85. Alianza kazi kama mwalimu msaidizi wa shule ya msingi. Kwa miaka mingi sheria ya inchi yake ilimzuia kufanya mitihani ya chuo kikuu, kwa sababu hakusoma Kilatini wala Kigiriki. Mwisho wake alipata tuzo la Nobel la fizikia.

Wanafunzi wengi wanakutana na jina lake katika masomo ya gesi, wanakariri hesabu yake kwa ajili ya mtihani, kisha wanaisahau. Lakini mvuto ambao mwalimu huyo aliingiza katika hesabu hiyo haukubaki ndani ya gesi. Ni mvuto huo unaomsaidia mjusi kutembea juu ya dari bila kuanguka. Na ni huo ambao watafiti wa siku zetu wanautumia kueleza namna mrija mmoja wa kaboni, mwembamba kuliko unywele mara maelfu, unavyoweza kwenda na kurudi ndani ya mrija mwingine zaidi ya mara bilioni moja kwa sekunde.

Wa kwanza kati ya watoto kumi

Van der Waals alizaliwa katika mji wa Leiden tarehe 23 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1837. Baba yake, Jacobus, alikuwa seremala. Mama yake aliitwa Elisabeth van den Berg. Watoto walikuwa kumi, na Johannes alikuwa wa kwanza.

Leiden ulikuwa mji wa chuo kikuu, tena cha zamani kupita vyote vya Uholanzi. Lakini kwa familia ya seremala, chuo kikuu kilikuwa jirani ambaye mtu anapita mbele ya mlango wake bila kuingia. Watoto wa matajiri walipelekwa kwenye shule za Kilatini, na kutoka huko wakaenda chuo kikuu. Watoto wa wafanyakazi walisoma shule ya msingi, pengine na miaka michache ya kuongeza, kisha wakatafuta kazi.

Johannes alipita njia hiyo ya pili. Alimaliza masomo akiwa na miaka 15, akapokelewa kama mwalimu msaidizi katika shule ya msingi. Mchana alifundisha, na wakati uliobaki alijisomea. Kati ya mwaka wa 1856 na wa 1861 alifuata masomo ya ualimu hatua kwa hatua, akapata vyeti vya kuwa mwalimu kamili, kisha vya kuwa mwalimu mkuu.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Yeye alikuwa anapenda hesabu na fizikia. Mwaka wa 1862 alianza kuhuzuria masomo ya hesabu, fizikia na elimu ya nyota katika chuo kikuu cha Leiden, katika saa alizoweza kutoka kazini. Aliingia kama msikilizaji tu. Hakuweza kuandikishwa kama mwanafunzi wa kweli.

Mlango uliofungwa kwa Kilatini

Kizuizi hakikuwa akili wala feza peke yake. Sheria ilidai kwamba kila anayetaka kufanya mitihani ya chuo kikuu awe amesoma lugha mbili za zamani, Kilatini na Kigiriki, hata kama anataka kuwa mwanafizikia. Mtu aliyesoma shule ya kawaida hakuwa na lugha hizo. Basi Van der Waals alikuwa anasikiliza masomo yale yale kama wenzake, anaelewa yale yale, lakini siku ya mtihani yeye anabaki inje.

Katika miaka hiyo, serikali ya Uholanzi ilikuwa inabadilisha shule. Sheria ya mwaka wa 1863 ilianzisha shule za sekondari za aina mpya, ambazo zilifundisha hesabu, sayansi na lugha za kisasa, bila Kilatini. Shule hizo zilihitaji walimu wa fizikia, na walimu hao hawakuwa wengi. Van der Waals alijiandaa, akafanya mitihani ya kupata haki ya kufundisha hesabu na fizikia katika sekondari, na katikati ya miaka ya 1860 akapata kazi katika shule moja ya mji wa Deventer.

Alioa pia katika kipindi hicho. Bibi yake aliitwa Anna Magdalena Smit. Mwaka wa 1866 walihamia La Haye, mji ambao Wakongo wengi leo wanaujua juu ya mahakama ya CPI. Kwa Van der Waals, La Haye ulikuwa na faida moja kubwa: uko karibu na Leiden. Alifundisha, baadaye akawa mkuu wa shule moja ya sekondari ya mji huo, na wakati huohuo akaendelea na masomo yake.

Kisha sheria ikalegezwa. Wanafunzi wa sayansi waliweza kusamehewa Kilatini na Kigiriki. Van der Waals hakupoteza wakati. Alifanya mitihani, akapita, akaanza kuandika kazi yake ya udaktari. Alikuwa amekwisha kupita miaka 30, na alikuwa baba wa familia.

Sheria ya gesi iliyokuwa na kasoro

Kusudi tuelewe kazi hiyo, tuanze na kile ambacho shule zote zilikuwa zinafundisha. Sheria ya Boyle na Mariotte inasema kwamba ukifinya gesi mpaka ikae katika nusu ya nafasi yake, bila kubadilisha joto, mkazo wake unaongezeka mara mbili. Ukiifinya mpaka robo, mkazo unakuwa mara nne. Ni sheria rahisi, na kwa hewa ya kawaida inafanya kazi vizuri.

Lakini wapimaji wa karne ya 19 waliona kwamba gesi ikifinywa sana, ao ikipozwa sana, haifuati tena sheria hiyo. Mwaka wa 1869, Thomas Andrews, aliyekuwa anafanya kazi Belfast, alitoa vipimo vya gesi ya kaboniki, ile inayofanya mapovu katika chupa ya bia. Aliona kwamba chini ya nyuzi 31 hivi za Celsius, gesi hiyo ikifinywa inageuka kuwa maji yake. Juu ya nyuzi hizo, hata uifinye namna gani, haigeuki. Inakuwa nzito tu, bila kuonyesha mstari kati ya gesi na kimiminiko.

Kwa nini? Sheria ya zamani haikuwa na jibu. Ilizihesabu molekuli kama nukta zisizo na ukubwa, zinazoruka huku na huku bila kujuana.

Van der Waals alirekebisha mambo mawili.

La kwanza ni ukubwa. Watu watano wakiwa katika ukumbi mkubwa, hakuna haja ya kuhesabu nafasi ambayo miili yao inachukua. Lakini ukumbi ukijaa watu, nafasi ya kutembea inapungua kabisa, na ni miili yenyewe inayoimaliza. Ni vivyo hivyo kwa gesi iliyofinywa. Basi katika hesabu ni lazima kupunguza kidogo ile nafasi yote, kwa sababu sehemu yake imekwisha kuchukuliwa na molekuli zenyewe. Kipunguzo hicho alikiita b, na alionyesha kwamba ni mara nne ya ukubwa wa molekuli zote zikiwekwa pamoja.

La pili ni mvuto. Molekuli zikikaribiana, zinavutana kidogo. Katikati ya chupa, kila molekuli inavutwa pande zote, kwa hiyo haisikii kitu. Lakini ile inayokwenda kugonga ukuta wa chupa ina wenzake nyuma yake tu, mbele haina mtu. Wenzake wanairudisha nyuma kidogo, na inagonga ukuta kwa nguvu iliyopungua. Mkazo tunaopima kwenye ukuta ni mdogo kuliko mkazo wa kweli ulio ndani. Ni lazima kuongeza kitu, na kitu hicho kinakua haraka kadiri molekuli zinavyokaribiana. Hapo aliingiza namba ya pili, a.

Matokeo ni mstari mmoja ambao wanafunzi bado wanauandika ubaoni: (p + a/V²)(V − b) = RT. Tofauti na sheria ya zamani ni herufi mbili tu.

Gesi na kimiminiko ni kitu kimoja

Van der Waals alitetea kazi yake mbele ya chuo kikuu cha Leiden tarehe 14 mwezi wa sita mwaka wa 1873. Ilihusu mwendelezo kati ya hali ya gesi na hali ya kimiminiko. Jambo la pekee ni hili: hesabu ileile, bila kubadilishwa, inaeleza gesi, inaeleza kimiminiko, na inaonyesha mahali ambapo tofauti kati yao inapotea. Joto la mwisho ambalo Andrews alilipima katika maabara lilitoka lenyewe ndani ya hesabu.

Maana yake ni kwamba molekuli za mvuke unaotoka kwenye sufuria na molekuli za maji yaliyobaki ndani ni zilezile, na zinavutana kwa nguvu ileile. Kinachotofautiana ni nafasi iliyo kati yao na mwendo wao. Joto likizidi, mwendo unashinda mvuto. Joto likipungua, mvuto unashinda mwendo, na molekuli zinakusanyika.

Jambo hilo linaonekana hata katika vyombo vya kila siku. Chupa ya gesi ya kupikia ikitikiswa, inasikika kama ina maji ndani. Kweli, ina kimiminiko, kwa sababu joto la mwisho la butani ni nyuzi 152 hivi, na la propani ni nyuzi 97. Kwa joto la nyumbani, kuzifinya kunatosha ili zigeuke kimiminiko. Lakini chupa kubwa ya oksijeni inayowekwa karibu na kitanda cha mgonjwa haina kimiminiko hata kidogo. Joto la mwisho la oksijeni ni nyuzi 118 hivi chini ya sifuri. Bila kuipoza mpaka huko, hakuna pompi inayoweza kuigeuza.

Kazi hiyo ilikuwa imeandikwa kwa Kiholanzi, lugha ambayo wanasayansi wachache wa inchi zingine walikuwa wanaisoma. Lakini James Clerk Maxwell, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa Uingereza, aliichambua katika gazeti la Nature mwaka wa 1874. Alionyesha kasoro fulani za hesabu, lakini alimhesabu mwandishi wake kati ya watu wa mbele katika sayansi ya molekuli, na akaeleza kwamba kazi hiyo imekwisha kuwasukuma watafiti zaidi ya mmoja kujifunza Kiholanzi. Mwaka uliofuata, Maxwell mwenyewe alirekebisha sehemu moja ya mchoro wa hesabu hiyo. Tafsiri ya Kijerumani ilitoka mwaka wa 1881. Yule aliyezuiliwa juu ya lugha za wengine sasa alikuwa anawafanya wengine wajifunze lugha yake.

Amsterdam, cheo na kilio

Mwaka wa 1877, shule ya juu ya zamani ya Amsterdam iligeuzwa kuwa chuo kikuu, na Van der Waals akaitwa kuwa profesa wake wa kwanza wa fizikia. Alikaa pale zaidi ya miaka 30. Katika chuo hicho kulikuwa pia mtaalamu wa kemia Van 't Hoff na mtaalamu wa mimea Hugo de Vries, na majina hayo matatu yalikipa chuo kipya heshima katika Ulaya yote.

Mwaka wa 1880 alitoa kazi yake kubwa ya pili. Aliona kwamba kila gesi ina joto lake la mwisho, mkazo wake na nafasi yake. Ukitumia vipimo hivyo kama kipimo cha gesi yenyewe, badala ya kupima gesi zote kwa nyuzi na kwa lita zilezile, gesi zote zinaanza kufanana. Kaboniki, oksijeni, hidrojeni: mstari mmoja unazieleza zote. Faida yake ilikuwa kubwa. Mtu aliyejua vizuri tabia ya gesi moja aliweza kukadiria tabia ya gesi nyingine ambayo bado haijawahi kugeuzwa kimiminiko.

Mwaka uliofuata, 1881, Anna alifariki kwa kifua kikuu. Alikuwa na miaka 34. Alimuachia mume wake mabinti watatu na mwana mmoja. Van der Waals hakuoa tena. Pigo hilo lilimvunja sana. Kwa karibu miaka kumi hakutoa karibu kazi yoyote mpya. Aliendelea kufundisha na kulea watoto, lakini kalamu ya utafiti ilikuwa imenyamaza.

Binti mmoja, Anne Madeleine, alichukua mzigo wa nyumba. Jacqueline akawa mwalimu wa historia na mshairi anayejulikana katika Kiholanzi. Johanna akawa mwalimu wa Kiingereza. Mwana, aliyepewa jina la baba yake, akawa naye profesa wa fizikia, na baadaye akachukua nafasi ya baba katika chuo cha Amsterdam.

Van der Waals alirudi kwenye utafiti kwa nguvu. Mwaka wa 1890 alitoa hesabu za michanganyiko, yaani namna vitu viwili tofauti vikiwekwa pamoja vinavyogeuka kutoka gesi kuwa kimiminiko. Mwaka wa 1893 alitoa kazi juu ya uso wa vimiminiko, pale mvuto uleule wa molekuli unaposhika tone la maji lisitawanyike. Kuanzia mwaka wa 1896 mpaka wa 1912 alikuwa katibu katika Akademia ya sayansi ya Uholanzi. Wakati wa kupumzika alipenda kutembea kwa miguu, zaidi sana inje ya mji, na kusoma.

Mapambano na gesi ya mwisho

Wakati ule, wataalamu wa Ulaya walikuwa wanashindana kugeuza kila gesi kuwa kimiminiko. Oksijeni ilianza kuonekana katika hali hiyo mwaka wa 1877. James Dewar alifaulu kwa hidrojeni mwaka wa 1898. Ilibaki heli, na heli ilikataa.

Huko Leiden, mji ambamo Van der Waals alikuwa ameketi kama msikilizaji, rafiki yake Heike Kamerlingh Onnes alijenga maabara kubwa ya baridi. Onnes hakufanya kazi kwa kubahatisha. Alipima tabia ya heli katika baridi kali, akatumia hesabu za rafiki yake kukadiria mbele ya wakati ni baridi ya kiasi gani itakayohitajika. Tarehe 10 mwezi wa saba mwaka wa 1908, heli iligeuka kimiminiko, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Mwaka ule Van der Waals alikuwa anaacha kazi ya ualimu, akiwa na miaka 70.

Kutoka kwa heli hiyo ya kimiminiko ilizaliwa elimu nzima ya baridi kali. Hata leo, mashini nyingi za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku zinapozwa na heli ya kimiminiko.

Aliamini kwamba molekuli zipo

Kuna jambo lingine ambalo lilikuwa hatarini katika kazi yake yote. Mwaka wa 1873, na hata miaka mingi baadaye, wanasayansi wenye majina makubwa hawakukubali kwamba molekuli ni vitu vya kweli. Ernst Mach na Wilhelm Ostwald walizichukua kama msaada wa kuhesabia tu, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuziona. Van der Waals alisimama upande mwingine. Yeye alizipa ukubwa, alizipa mvuto, na alizitazama kama vitu vinavyogongana kwa kweli. Kama molekuli zingekuwa ndoto, kazi yake ya maisha yote ingekuwa ndoto vilevile.

Vipimo vya Jean Perrin, mwanafizikia wa Ufaransa, kuanzia mwaka wa 1908, ndivyo vilivyowashawishi wengi waliobaki. Ostwald mwenyewe alikubali. Alipopokea tuzo la Nobel mwaka wa 1910, Van der Waals alieleza mbele ya watu wa Stockholm kwamba hakuwahi kutilia shaka kuwepo kwa molekuli, na kwamba furaha yake ni kuona wengine wamefika pale alipokuwa amesimama.

Katika hotuba hiyo hakuficha mipaka ya hesabu yake. Alijua kwamba haipatani na vipimo vyote kwa usahihi, na alikuwa bado anatafuta sababu. Alidhani kwamba namba zake mbili hazikai zilezile katika kila hali.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa na huzuni tena. Binti yake Jacqueline alifariki mwaka wa 1922. Chini ya mwaka mmoja baadaye, baba alimfuata.

Mvuto unaofanya kazi ya kamba ya mpira

Van der Waals alijua kwamba molekuli zinavutana, lakini hakujua kwa nini. Jibu lilikuja baada ya kifo chake. Mwaka wa 1930, Fritz London alieleza kwamba elektroni za kila atomu hazitulii. Kwa kitambo kidogo sana zinaelekea upande mmoja, na kule kuelekea kunaziamsha elektroni za atomu jirani. Hata atomu zisizo na umeme wowote zinavutana kwa njia hiyo. John Lennard-Jones, wa Uingereza, alikuwa amekwisha kuanza, kutoka mwaka wa 1924, kuandika hesabu inayounganisha pande mbili: atomu zikiwa mbali kidogo zinavutana, zikikaribia kupita kiasi zinasukumana. Ni a na b za Van der Waals, zikiwa sasa kati ya atomu mbili badala ya chupa nzima.

Hesabu hiyo ndiyo watafiti waliyoichukua walipokutana na kitu kipya. Mwaka wa 1991, mtafiti Sumio Iijima wa Japani alionyesha, kwa darubini ya elektroni, mirija midogo ya kaboni iliyoingiana, mmoja ndani ya mwingine. Inaitwa nanotubu. Kila mrija ni kama karatasi ya grafiti iliyokunjwa duara. Kati ya ukuta wa mrija mmoja na wa pili kuna nafasi ya nanometri 0,34 hivi, na nanometri moja ni sehemu moja ya milioni ya milimetri. Katika nafasi hiyo hakuna gundi wala msumari. Kinachoishika mirija pamoja ni nguvu za Van der Waals.

Mwaka wa 2000, John Cumings na Alex Zettl, wa chuo kikuu cha Berkeley huko Marekani, walifungua ncha ya nanotubu ya namna hiyo, wakavuta mirija ya ndani mpaka ikatoka kwa sehemu, kisha wakaiachilia. Ilirudi ndani yenyewe, haraka sana, na msuguano ulikuwa mdogo mno.

Miaka miwili baadaye, Quanshui Zheng na Qing Jiang walifanya hesabu ya hatua inayofuata. Tuseme mrija wa inje umefunguliwa pande zote mbili. Mrija wa ndani, ukivutwa na kuachiliwa, utarudi kwa mwendo mkali, utapita katikati, utatokea upande wa pili, utavutwa tena, utarudi. Utakwenda na kurudi zaidi ya mara bilioni moja kwa sekunde. Kwa kulinganisha, mawimbi ya redio ya FM yanatetemeka karibu mara milioni 100 kwa sekunde.

Mvuto huo una tabia yake. Kamba ya mpira, kadiri inavyovutwa, ndivyo inavyozidi kuvuta. Mrija wa ndani hauko hivyo. Kila kipande kinachotoka inje kinapoteza jirani zake, na gharama ya kila kipande ni sawa na ya kile kilichotangulia. Kwa hiyo mvuto unabaki uleule, mrija ukitoka kidogo ao ukitoka sana. Ni kama mpira unaodunda chini: uzito wake haubadiliki, na ukidunda kwa kimo kidogo, unadunda haraka zaidi. Vivyo hivyo, mrija ukitolewa kidogo tu, unakwenda na kurudi mara nyingi zaidi kwa sekunde.

Bado kuna shida. Watafiti walipofuata kila atomu kwa ordinateri, waliona kwamba mwendo huo unachoka. Nguvu yake inavuja kidogo kidogo, inageuka kuwa mtetemeko wa kuta za mirija, yaani joto. Nafasi kati ya mirija ikiwa ndogo ao kubwa kupita kiasi, mwendo unaharibika. Na mpangilio wa atomu za mirija miwili ukifanana kabisa, mirija inashikana kama meno ya gurudumu, na msuguano unaongezeka. Kwa sehemu kubwa, chombo hicho kimebaki kazi ya hesabu na ordinateri, na wengi wanajaribu kujua namna ya kukifanya kisisimame.

Njia yao ya kufanya kazi ni ileile ya mwalimu wa La Haye: kukubali kwamba chembe zina ukubwa na zinavutana, kuandika hesabu, kuilinganisha na vipimo, na kusema wazi mahali inapokosea. Yeye aliifuata njia hiyo akiwa na darasa la kufundisha mchana na familia ya kulisha jioni, katika inchi ambayo kwanza ilimuuliza Kilatini chake.